“Bote banapona”: tunajuaje kwamba ni dawa iliyoponya?

Pale Birere, hapa Goma, nyuma ya wauza mitumba, kuna mama anayepanga chupa zake juu ya gunia kabla jua halijachomoza vizuri. Ni chupa za plastiki za maji ya dukani zilizokwisha kutumika, amezijaza kitu cha rangi ya chai nzito, na chini ya kila moja kumetulia tope la mizizi. Ukiitikisa chupa, tope linapanda polepole kama moshi. Nilimwuliza inatibu nini. Akahesabu kwa vidole: malaria, tifoidi, amiba, mgongo, na “baridi ya mifupa”. Nikamwuliza amejuaje. Hakukasirika. Alinitazama kwa upole kama mtu anayemweleza mgeni njia ya kwenda sokoni, akasema: “Papa, bote banakunywaka hii, banapona.”

Simwiti mwongo. Anasema alichokiona, ila alichokiona ni nusu. Aliyepona hurudi kununua chupa ya pili na kuja na shemeji yake. Aliyezidiwa hupakiwa kwenye pikipiki akakimbizwa hospitali, na aliyefariki harudi Birere kutoa taarifa. Kuna na jambo jingine, gumu zaidi kulikubali: wengi waliopona wangepona hata kama wangekunywa maji matupu, maana homa nyingi, kuhara kwingi na maumivu mengi ya mgongo huisha yenyewe baada ya siku au wiki kadhaa. Kupona baada ya dawa na kupona kwa sababu ya dawa ni mambo mawili, na macho peke yake hayawezi kuyatenganisha. Hata macho ya daktari.

Mfano wa karibuni umetoka hapa hapa nchini. Mpox, ugonjwa wa virusi ulio ndugu ya ndui, ilipokuwa inasambaa Congo, dawa iitwayo tecovirimat, iliyotengenezwa kwa ajili ya ndui, ilizungumzwa kama mkombozi. Ingekuwa rahisi kuigawa tu. Badala yake taasisi yetu ya utafiti wa tiba, INRB, pamoja na wenzao wa taasisi ya afya ya Marekani, waliijaribu huko Tunda katika Maniema na Kole katika Sankuru. Waliingia wagonjwa 597, watoto kwa watu wazima. Karibu nusu walipewa tecovirimat, waliobaki wakapewa vidonge vya sura ile ile visivyo na dawa ndani, na wote walilazwa na kuhudumiwa sawasawa. Matokeo yalitangazwa Agosti 2024: vidonda vya waliomeza tecovirimat havikupona upesi kuliko vya wenzao.

Lakini angalia hesabu ya vifo. Katika jaribio lile walikufa asilimia 1.7 ya wagonjwa, bila kujali walimeza nini, wakati mpox nchini kwa jumla ilikuwa ikiua asilimia 3.6 au zaidi. Sasa fikiria kama wote 597 wangepewa dawa, bila kundi la kulinganisha. Tungesema nini? Tungetangaza redioni kwamba tecovirimat imepunguza vifo kwa nusu na zaidi. Tungeinunua kwa mamilioni ya dola. Kumbe kinachoelekea kuwasaidia ni kulazwa, kulishwa, kusafishwa vidonda na kuangaliwa na muuguzi kila siku. Kwangu hiyo ndiyo habari kubwa ya jaribio lile, na inasikitisha kwamba wengi walilisoma kama habari ya dawa iliyoshindwa.

Sasa turudi nyuma mpaka Kikwit, 1995. Ebola ilikuwa ikiua takriban watu 8 kati ya 10. Profesa Jean-Jacques Muyembe, yule yule aliyekuwa Yambuku mwaka 1976 ugonjwa huo ulipojulikana kwa mara ya kwanza, alishirikiana na wenzake kuwatia wagonjwa 8 damu ya watu waliokwisha kupona. Akafa mmoja tu. Saba kati ya wanane! Ningekuwa mle wodini ningeapa kwamba damu ile ndiyo iliyowaponya. Ila wagonjwa wale walitibiwa mwishoni mwa mlipuko, huduma zikiwa zimeshakuwa bora, na baadhi yao walikuwa wameshavuka siku ambazo Ebola huua zaidi. Miaka 20 baadaye, huko Guinea, wagonjwa 84 waliopewa plazima, yaani majimaji ya damu, ya waliopona walilinganishwa na 418 waliotibiwa kabla yao. Tofauti ya vifo haikutosha kuthibitisha kwamba plazima inaokoa.

Wazo la Kikwit halikufia hapo. Kutoka kwenye damu ya mtu mmoja aliyenusurika mlipuko ule wa 1995, wanasayansi walichagua kingamwili moja tu, yaani silaha moja ya mwili dhidi ya virusi, wakaitengeneza kwa wingi, wakaiita mAb114. Ebola ilipotangazwa Kivu Kaskazini, Agosti 2018, kulikuwa na dawa nne zinazogombea nafasi. Iliyovuma zaidi ilikuwa ZMapp, kwa sababu mwaka 2014 Wamarekani wawili waliopewa walipona na dunia nzima ikasikia. Jaribio lililofuata la ZMapp lilikuwa na watu 72 tu, wachache mno kutoa jibu. Remdesivir nayo ilikuwa na watetezi wake. Ya nne iliitwa REGN-EB3.

Wagonjwa wangepewa ipi? Hapo ndipo lilipozaliwa jaribio lenye jina la Kiswahili: Pamoja Tulinde Maisha. Ulimwengu wa sayansi hulitaja kwa kifupi, PALM, na wengi wanaolitaja hawajui kwamba herufi zile zimetoka kwenye lugha yetu. Lilianza Novemba 2018 huko Beni, kisha likaingia Butembo, Katwa na Mangina, katikati ya vita, uvumi na vituo vya matibabu kuchomwa moto. Wagonjwa 681 waliandikishwa. Nani apate dawa gani kuliamuliwa kwa kura, yaani kwa bahati nasibu.

Neno hilo, kura, liliwaumiza watu. Nimelisikia mwenyewe kwenye mazungumzo ya mitaani: “Wanatufanya panya wa maabara, wanacheza karata na maisha yetu.” Malalamiko hayo yanastahili jibu la heshima. Kwanza, hakuna aliyepewa maji matupu. Kila mgonjwa alipata moja ya dawa nne, na kila mmoja alipata huduma ile ile ya serumu (dripu), chumvi za mwili na uangalizi. Pili, hakuna mtu duniani, si Kinshasa wala si Marekani, aliyejua ipi ni bora. Kama angejua, kura ingekuwa dhambi.

Tatu ndiyo kiini chenyewe. Tuseme daktari ameachiwa achague mwenyewe. Ana dawa anayoiamini. Anamwona kijana aliyeletwa siku ya pili ya homa, bado anaongea, anampa ile anayoiamini. Anamwona mzee aliyeletwa siku ya nane, virusi vimemjaa, anampa nyingine. Mwisho wa mwezi dawa anayoiamini imeshinda, lakini ilishindanishwa na nini? Imeshindanishwa na siku ya nane. Kura huwagawa wagonjwa bila upendeleo, vijana na wazee, waliowahi na waliochelewa, hata katika mambo ambayo hakuna aliyefikiria kuyapima. Makundi yakishakuwa sawa mwanzoni, tofauti inayoonekana mwishoni, ikiwa kubwa ya kutosha, ni ya dawa.

Na kura haiachwi ikimbie bila macho. Kamati ya watu wasiotibu wagonjwa hupitia hesabu jaribio likiendelea. Agosti 2019 kamati hiyo ilisimamisha kugawa ZMapp na remdesivir, maana picha ilikuwa imeshajitokeza. Kwa ZMapp walikufa asilimia 50 hivi ndani ya siku 28. Kwa remdesivir, asilimia 53. Kwa mAb114, ile ya mnusurika wa Kikwit, asilimia 35, na kwa REGN-EB3 asilimia 34. Dawa iliyovuma ikashindwa, na mbili zisizovuma zikaokoa.

Nakumbuka Julai ya mwaka ule, mchungaji aliyetoka Butembo alipoingia Goma akiwa na Ebola. Mji mzima ulinuka klorini, kila mlango una ndoo ya kunawia, kila kizuizi kinakupima joto kwenye paji la uso. Tulikuwa tunaogopa ugonjwa usio na dawa. Mwezi mmoja baadaye tukaambiwa zipo mbili. Mlipuko ulipotangazwa kwisha Juni 2020 ulikuwa umeshika watu 3,470 na kuua 2,287. Siku hizi, aina ile ya Ebola ikizuka popote, daktari hana haja ya kubahatisha, kwa sababu watu 681 wa Kivu Kaskazini, wengi wao hawapo tena, walikubali kulinganishwa.

Hata hivyo jaribio moja ni shahidi mmoja. Kwa magonjwa ya kawaida yapo majaribio makumi au mamia, mengine makubwa, mengine madogo, mengine yamefanywa hovyo, mengine yamefichwa droo la kampuni kwa sababu majibu hayakupendeza. Muuguzi wa Ndosho, hapa Goma, atayasoma saa ngapi? Hapa ndipo linapoingia shirika la hisani liitwalo Cochrane.

Limepewa jina la Archie Cochrane, daktari Mskoti aliyewakemea madaktari wenzake kwa kukosa kukusanya na kuchambua kila jaribio la kazi yao wenyewe. Aliyelianzisha, Oxford, mwaka 1993, ni Iain Chalmers. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Chalmers alikuwa daktari kijana kwenye kambi za wakimbizi za Gaza. Alikuwa amefundishwa kwamba surua inaletwa na kirusi, hivyo mtoto mwenye surua asipewe antibiotiki mpaka dalili za maambukizo mengine zionekane wazi. Alitii, na watoto wakafa mikononi mwake. Baadaye aligundua kwamba majaribio kadhaa yalikuwa yameshaonyesha kuwa kuwahisha antibiotiki kunasaidia. Yalikuwa yamechapishwa, ila hakuna aliyeyakusanya. Sisi tuliozika watoto wengi kwa surua mwaka 2019, kuliko waliokufa kwa Ebola, tunaielewa hadithi hiyo bila kufafanuliwa.

Kazi ya Cochrane ndiyo hiyo, kukusanya. Watu wake, wengi wakiwa ni wa kujitolea kutoka nchi nyingi, wanachukua swali moja, wanasaka kila jaribio lililowahi kufanywa, wanatenga yaliyofanywa vibaya, wanajumlisha yaliyobaki, kisha wanaandika jibu na kusema wazi jibu hilo lina uhakika kiasi gani. Hawapokei fedha za makampuni yenye maslahi na dawa wanazozichunguza. Mwamba ngoma huvutia kwake, na wao wameamua wasiwe na ngoma. Muhtasari wa mapitio yao husomwa bure, pia kwa Kifaransa, kwenye simu yoyote yenye intaneti.

Nembo yao ina mistari midogo ya mlalo ndani ya duara. Ile si mapambo. Kila mstari ni jaribio moja la sindano ya steroidi, dawa ya bei ndogo, kwa mama anayekaribia kujifungua mtoto njiti, ili mapafu ya mtoto yakomae upesi. Jaribio la kwanza lilitangazwa mwaka 1972. Miaka kumi baadaye ushahidi ulikuwa tayari umetosha, ila uko vipande vipande, na wakunga na madaktari wengi hawakuujua mpaka mwaka 1989. Katikati hapo maelfu kwa maelfu ya watoto njiti waliteseka na kufa bila sababu.

Hadithi ya sindano hiyo ina sura ya pili inayotuhusu zaidi. Majaribio yale ya mwanzo yalifanywa kwenye hospitali zenye vifaa. Mpango wa kuisambaza mpaka vituo vidogo ulipojaribiwa kwenye nchi sita, Kenya na Zambia zikiwemo, matokeo ya mwaka 2015 yalishtua: vifo vya watoto wachanga havikupungua, na kwa jumla viliongezeka. Wengi waliochomwa hawakuwa wanakaribia kuzaa njiti. Ndipo likafanywa jaribio jingine, kwenye hospitali za nchi tano, Kenya na Nigeria zikiwemo, umri wa mimba ukipimwa kwa ekografi, mashine ya kumwona mtoto tumboni, na mtoto akipata huduma nzuri akizaliwa. Mwaka 2020 jibu likaja: sindano inaokoa. Dawa ni ile ile, kilichobadilika ni kituo. Kwa hiyo anayesema “ilithibitishwa Ulaya” hajamaliza sentensi. Je, kituo chako kina ekografi?

Mfano ulio karibu nasi kuliko yote ni kinini. Nakumbuka mtoto wa dada yangu, zamani kidogo, amelazwa kwa malaria kali. Serumu ya kinini ilining'inia kwenye msumari ukutani. Muuguzi alisimama na saa yake mkononi akihesabu matone, kwa sababu kinini ikienda mbio ni hatari, na kila dozi ilichukua saa nne, mara tatu kwa siku. Mtoto alilia kwamba masikio yanavuma. Alipona, na dada yangu mpaka leo anaapa kwa kinini.

Kinini ni kama mtoto wetu wa kuzaa. Miti ya kinkina inapandwa kwenye vilima vya Kivu Kusini, na kiwanda cha Pharmakina kule Bukavu kimekamua kinini kutoka magome yake kwa miongo mingi. Imeokoa watu wasiohesabika. Ila swali halikuwa kama inaokoa. Swali lilikuwa kama kuna inayookoa zaidi. Watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi tisa za Afrika, Congo ikiwa mojawapo, waligawanywa kwa kura kati ya kinini na artesunate ya sindano. Matokeo yalitoka mwaka 2010. Kwa kinini walikufa asilimia 10.9, kwa artesunate asilimia 8.5. Tofauti hiyo, kama mtoto mmoja katika kila 40, hakuna muuguzi ambaye angeiona kwa macho. Wodini kwake angeona watoto wengi wakipona kwa zote mbili. Ilihitaji maelfu wahesabiwe pamoja, na mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likasema artesunate iwe ya kwanza kwa watoto.

Nagusa na serumu yenyewe, maana kwetu mgonjwa asiyewekewa serumu hujiona hakutibiwa. Watoto 3,141 wenye homa kali na damu isiyofika vizuri mwilini, huko Uganda, Kenya na Tanzania, waligawanywa kwa kura. Wengine walimiminiwa serumu nyingi kwa haraka, kama vitabu vilivyoelekeza, wengine hawakumiminiwa. Waliomiminiwa walikufa zaidi, asilimia 10.5 hivi dhidi ya 7.3 ndani ya saa 48. Ilikuwa mwaka 2011, na madaktari wengi hawakuamini macho yao. Nasisitiza, mtoto anayeharisha na kukaukiwa maji hakuwemo katika jaribio lile. Kipindupindu kinahitaji maji, na kinahitaji haraka.

Basi mama wa Birere je? Sina chuki na mizizi. Artemisinini, mama yake artesunate, ilitolewa kwenye artemisia, mmea uliotajwa katika tiba za kale za China, na Tu Youyou aliyeifuatilia alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Kinini nayo ni gome la mti. Lakini zote mbili zilipimwa: kiasi gani, kwa nani, mara ngapi, ikilinganishwa na nini. Chai ya artemisia inayouzwa hapa mjini kama kinga na tiba ya malaria haijavuka mtihani huo, na Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2019 kwamba haliungi mkono itumike hivyo, kwa sababu kiasi cha dawa ndani ya majani hubadilika kutoka shamba hadi shamba, na dozi pungufu inaweza kuwafundisha vimelea kuizoea dawa yenyewe. Ningefurahi siku moja chupa ya Birere ipelekwe INRB na kujaribiwa kwa kura kama ZMapp. Huenda ikashinda. Mpaka hapo, mtoto mwenye homa apimwe malaria, na akikutwa nayo apewe dawa iliyothibitishwa.

Maswali haya si ya madaktari peke yao. Uganda, watafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere na wenzao wa Norway walitengeneza kitabu cha picha cha kuwafundisha watoto wa miaka 10 hadi 12 jinsi ya kupima maneno ya watu kuhusu tiba. Hata kitabu chenyewe walikiweka kwenye kura: shule 120, nusu zilifundishwa nacho, nusu hazikufundishwa. Mwaka 2017 walitangaza kwamba waliofaulu mtihani walikuwa asilimia 69 kwenye shule zilizofundishwa na asilimia 27 kwenye zile nyingine. Masomo ya sekondari yalifuata, yakajaribiwa Kenya, Uganda na Rwanda. Kitabu cha watoto kimeshatafsiriwa kwa Kiswahili, na hapa Goma nimeuliza walimu wanne ninaowafahamu, hakuna aliyewahi kukiona.

Nilirudi Birere wiki iliyopita. Nilimwuliza yule mama kama amewahi kumfuata nyumbani mteja ambaye hakurudi. Alikaa kimya akisogeza chupa zake zipange mstari. Kisha akasema, bila kuniangalia: “Benye habarudi, nitabapata wapi?”